Mchezo katika darasa la Kiarabu: unafaa wapi, unaharibu wapi

Mwanafunzi anayeanza shahada ya Kiarabu Zanzibar au Mombasa mara nyingi si mgeni wa lugha yenyewe. Amekwenda chuo cha Kurani tangu mdogo, amekhitimisha msahafu, tajwidi anaijua. Muulize kwa Kiarabu jana usiku alikula nini: atainamisha kichwa. Anaona haya kukosea mbele ya watu.

Hapo nasimama na walimu wanaoitetea michezo. Kitendawili kikitegwa kwa Kiarabu, au mtu akipewa kitu akieleze bila kukitaja ili wenzake wabahatishe, mawazo yake yote huenda kwenye kueleweka. Anazunguka, anatafuta kitenzi kingine, anaongeza sentensi. Mhadhara wa sarufi wa saa mbili hauyatoi hayo.

Kwa msamiati nina shaka. Kadi za kulinganisha picha na neno zinamfaa Mchina anayeanzia sifuri. Kwa Mswahili zinamaliza kipindi bure, maana samak, kitab, daqiqa na khatar anazo tayari. Mtego uko kwenye maneno yanayofanana sura yakatofautiana kazi. Tafaddal ya Mwarabu ni karibu, endelea, chukua. Akiomba husema min fadlik. Rakhis ni cha bei nafuu tu. Mtihani rahisi kwake ni sahl (nasi tunalo, sahali). Kadi zikitengenezwa, ziwe za maneno haya.

Wanaopinga hulalamikia muda na hadhi ya chuo kikuu, lakini hoja yao nzito ni nyingine: mchezo wa kushindana na saa hutuza haraka. Vitabu vitatu ni thalathatu kutub, magari matatu ni thalathu sayyarat. Kuanzia tatu hadi kumi, nomino ya kiume huchukua namba yenye umbo la kike, na ya kike kinyume chake. Ngeli zetu hazina kiume na kike, kwa hiyo jambo hili tunaliruka upesi. Kosa likishapigiwa makofi, kulitoa ni kazi.

Ila kanuni za mchezo hutungwa na mwalimu. Mmoja atamke neno, mwenzake ainue kadi ya alichosikia: qalb, moyo, au kalb, mbwa. Kiswahili kiliifanya qafu, yaani herufi q ya Kiarabu, kuwa k zamani, katika kalamu na kaburi, na hata msomaji mzuri wa Kurani humponyoka akizungumza. Hapa hakuna saa. Kadi ya mbwa ikiinuka, msemaji hurudia mwenyewe, safari hii akiitoa qafu nyuma kabisa ya ulimi.