Kuvunja Shule au Kuitengeneza: Mjadala wa Sekondari Zilizodorora Katika Miji ya Marekani

Mwezi Februari 2010, wasimamizi wa elimu wa Central Falls, mji mdogo na maskini katika jimbo la Rhode Island, walipiga kura ya kuwaachisha kazi walimu wote wa shule pekee ya sekondari mjini hapo. Chini ya nusu ya wanafunzi walikuwa wakihitimu kwa wakati, na mazungumzo na chama cha walimu kuhusu saa za nyongeza na malipo yake yalikuwa yamevunjika. Rais Barack Obama aliunga mkono hatua hiyo hadharani, chama cha walimu kikailaani, na ilipofika Mei pande hizo mbili zikakubaliana walimu warejeshwe kazini.

Wanaotetea hatua kali wana hoja isiyostahili kupuuzwa. Sekondari ya Marekani ina miaka minne tu, kuanzia darasa la tisa hadi la kumi na mbili, na mtoto anayeingia leo hawezi kuambiwa asubiri mpaka wakubwa wamalize kurekebishana. Ushahidi wao wenye nguvu zaidi unatoka New York, ambako kuanzia mwaka 2002 utawala wa Meya Michael Bloomberg ulifunga sekondari kubwa zilizokuwa zikishindwa na kufungua nyingine ndogo zaidi ya mia moja. Kwa kuwa nafasi katika nyingi ya shule hizo ziligawanywa kwa bahati nasibu, watafiti wa taasisi ya MDRC waliweza kuwalinganisha waombaji waliopata nafasi na wenzao waliokosa, na wakaona kuwa waliopata walihitimu kwa kiwango cha juu zaidi. Hata hivyo, New York haikuishia kubomoa. Shule ya zamani kwa kawaida iliacha kupokea wanafunzi wapya huku waliokuwamo wakimaliza masomo yao, na shule mpya zilianza zikiwa na mipango iliyochujwa, walimu wakuu wapya na washirika wa nje. Kwingineko, kupunguza ukubwa wa shule peke yake hakukutosha, na Bill Gates, ambaye wakfu wake ulitoa fedha nyingi kwa shule ndogo, alikiri mwaka 2009 kwamba nyingi kati yake hazikuinua ufaulu.

Serikali ya shirikisho nayo ilijaribu kulisukuma jambo hili kwa fedha. Mwaka 2009 iliongeza ruzuku kwa shule dhaifu kabisa kwa masharti ya kuchagua moja kati ya njia nne: kumwondoa mwalimu mkuu na angalau nusu ya wafanyakazi, kuikabidhi shule kwa mwendeshaji mwingine, kuifunga, au kumbadilisha mwalimu mkuu pamoja na kurekebisha ufundishaji. Tathmini ya kitaifa iliyotolewa mwaka 2017 haikuona athari ya maana katika alama za mitihani, uhitimu wala kujiunga na vyuo, ingawa utafiti uliofanywa California ulionyesha alama zikipanda.

Kwa maoni yangu, mfano unaofaa kutazamwa kwa makini zaidi ni wa Chicago. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha mwaka 2005 kwamba mwanafunzi aliyemaliza darasa la tisa akiwa na masomo ya kutosha kuingia la kumi, na ambaye katika mwaka mzima hakufeli zaidi ya somo moja la msingi katika muhula mmoja, alikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara tatu na nusu wa kuhitimu kwa wakati kuliko mwenzake aliyekosa vigezo hivyo. Kipimo hicho kilibashiri vizuri kuliko alama alizokuja nazo kutoka shule ya msingi. Shule zikaanza kukitumia: walimu wa darasa la tisa wanakaa pamoja mapema katika mwaka, mezani ikiwapo orodha ya majina, mahudhurio na alama za kila mtoto, na kwa kila jina wanaamua ni nani atakayezungumza naye, nani atapiga simu nyumbani, na ni kazi ipi iliyokosekana ambayo bado anaweza kuikamilisha. Wanafunzi wa darasa la tisa waliotimiza vigezo hivyo, yaani waliokuwa katika njia ya kuhitimu, walipanda kutoka asilimia 57 mwaka 2007 hadi asilimia 82 mwaka 2013.

Wakosoaji wanauliza kama walimu hawakuanza tu kugawa alama za huruma, na swali hilo ni la haki, kwa sababu kipimo chochote kinachomweka mwalimu mkuu chini ya shinikizo kinaweza kuchezewa. Lakini mahudhurio yaliongezeka, na uhitimu ulipopanda katika miaka iliyofuata, wastani wa alama za ACT, mtihani unaotumika kuomba nafasi vyuoni, haukushuka. Udhaifu ninaouona mimi uko kwingine: kazi hii inahitaji walimu wanaobaki shuleni muda mrefu kiasi cha kuwafahamu watoto, na hao ndio wanaotawanywa na sera ya kuwaondoa kwa mkupuo. Shule iliyokufa kabisa inaweza kufungwa iwapo nafasi bora zaidi ziko tayari kwa kila mtoto, lakini sharti hilo hutimizwa mara chache.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 2015 inayataka majimbo kuzitambua na kuzisaidia sekondari ambazo takriban theluthi moja au zaidi ya wanafunzi hawahitimu. Kigezo hicho kinapima mwisho wa safari, wakati waliopotea katika darasa la tisa wamekwisha kuondoka. Majimbo yana ruhusa ya kuongeza vigezo vyao, na yangefanya vyema kuweka mahudhurio na ufaulu wa darasa la tisa miongoni mwavyo, pamoja na fedha za kuwalipa walimu kwa saa wanazotumia juu ya orodha ile ya majina.