Bluu namba moja, bluu namba mbili

Wiki iliyopita nilimwomba msusi wangu anionyeshe boksi la rangi aliyotaka kunipaka. Akacheka. "Dada, hii haina dawa kali, ukiosha inatoka yenyewe." Boksi lilishatupwa zamani, rangi ilikuwa kwenye kikopo cha plastiki kisicho na maandishi.

Hakunidanganya. Rangi hizi za kufifia hazina amonia wala hazichanganywi na peroksaidi. Chembe zake ni ndogo, zinajipenyeza kwenye unywele, kisha kila ukiosha zinatoka kidogo kidogo. Ila kutounguza kichwa ni jambo moja, usalama wa mwili ni jingine.

Chukua HC Blue No. 1 na HC Blue No. 2, zote za kundi hili. Kikemia ni kama mapacha, zinatofautiana kipande kidogo tu pembeni. Mwaka 1985 Marekani ilichapisha matokeo ya kuwalisha panya wa maabara rangi hizo. Namba moja iliwapa panya wa aina ndogo saratani ya ini. Namba mbili haikuonyesha kitu. Mwaka 1993 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likaiweka namba moja kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Kuhusu namba mbili, likasema ushahidi hautoshi kuamua. Kulishwa si sawa na kupakwa, najua, na panya si mimi. Lakini kwa macho, kwenye kikopo kile, nani angezitofautisha?

Ndiyo maana sheria ya Marekani ya 1938 inanikera. Chini yake, rangi nyingi za nywele za viwandani hazihitaji kibali cha serikali kabla ya kuuzwa. Onyo kwenye boksi na maelekezo ya kujipima kwanza kwenye ngozi yanatosha. Ulaya waliwaambia wenye viwanda walete ushahidi, na mwaka 2006 wakatangaza kupiga marufuku rangi 22 ambazo hazikuletewa faili la usalama. Mimi niko upande wa Ulaya: anayeuza ndiye athibitishe, si kichwa changu.

Kwetu Tanzania vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019. Sawa, lakini mkaguzi atakagua nini kwenye kikopo kisicho na jina?

Nikasukwa bila rangi. Bei haikupungua hata shilingi.