Mukka Imetoka?

Kidole tumbo kilinipasukia dukani kwangu Kisenyi, hapa Kampala, nikiwa nimekalia gunia la mchele nabishana bei na mteja. Nilimwachia ushindi, nikalala chini. Boda boda ikanifikisha hospitali ya serikali, nikapigwa nusu kaputi. Nilipozinduka nilikuwa kitanda namba 14, tumbo limeshonwa kama gunia la mahindi. Mke wangu yuko chini ya kitanda kwenye mkeka, na beseni, chupa ya chai na nusu ya vyombo vyetu vya nyumbani. Ndivyo ilivyo huku: serikali inatoa daktari, kilichobaki ni juu ya mke.

Namba 15 alilala afande mstaafu, kapasuliwa ngiri. Kiswahili chake cha kambini kilinichekesha mimi mtu wa Tanga, maana kwake kila kiumbe ni "i". Daktari imekuja. Bibi imelala. Siku moja tu, nami nikawa nasema hivyo hivyo.

Amri ya daktari ilikuwa moja: hakuna kula mpaka nijambe. Matumbo yakishikwashikwa kwenye upasuaji hununa. Utumbo mdogo huamka baada ya saa chache, lakini ule mpana unaweza kususa siku mbili tatu, na ukiushindilia chakula kabla haujaamka, kinakwama kama lori mpakani Malaba. Haya nilielezwa baadaye. Wakati ule kichwa kilikuwa bado kina ukungu wa dawa.

Siku ya pili asubuhi, mke kaenda nyumbani kuoga, akaja sista Mganda, binti mwenye haraka zake, faili mkononi. Kwa huruma akaweka kando Kiluganda chake, akajitahidi Kiswahili.

"Mzee, mukka imetoka?"

Nikajua ananiulizia mke. Kwa Kiswahili cha wodi ile, muke au mukka, nani angejali?

"Imetoka asubuhi, sista."

"Kwa nguvu?"

Swali la ajabu, lakini kweli tulikuwa tumegombana kidogo kuhusu ufunguo wa duka.

"Kwa nguvu sana. Hata haikuaga."

"Na sauti?"

"Wodi nzima iliisikia."

"Mara ngapi?"

"Hii ya pili. Jana usiku ilitoka, ikarudi."

Kalamu ikasimama. "Ikarudi?"

"Na blanketi."

Akanitazama machoni, nadhani akapima dawa iliyobaki kichwani, akaandika, akaondoka. Afande alikuwa kajifunika shuka gubigubi, kitanda kinatetemeka. Nikamwonea huruma, nikidhani ni homa.

Mchana nikaruhusiwa uji. Mke wangu akaona uji ni dharau kwa mtu aliyepasuliwa, akaniletea matoke na mchuzi wa karanga. Nikala. Jioni tumbo likawa ngoma, nikatapika mpaka daktari akaitwa. Akalisikiliza: kimya. Akafungua faili.

"Hapa imeandikwa umejamba mara mbili, kwa nguvu, wodi nzima ikasikia."

"Mimi? Nani kasema?"

"Wewe."

Hapo afande akashindwa kujizuia. Mukka, akasema akihema, ni hewa; ukipunguza k moja, muka, ndiyo mke wa fulani. Alijua tangu asubuhi! Alinyamaza ili afaidi. Lakini Mungu si Athumani: kila akicheka mshono unamvuta, anakumbatia mto tumboni, analia "Mama yangu!", anacheka tena. Akaniambukiza. Hujui tumbo lina kazi gani kwenye kicheko mpaka lishonwe.

Nikarudishwa kwenye dripu, nikaamriwa kutembea, nikawa nakokota miguu koridoni kama mchunga bata. Siku ya nne wakaingia walokole kutuombea. Mchungaji akasema tufumbe macho, tukae kimya mbele za Bwana. Wodi ikatulia, hata watoto.

Ndipo ikatoka. Ndefu, yenye kona, kama lori linaloshuka mlima kwa gia ndogo.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Kisha kutoka kwenye mkeka mmoja, bibi kizee akasema kwa heshima zote, kama Waganda wanavyomshukuru yeyote aliyetoka kazini:

"Webale emirimu, ssebo!"

Afande akadaka mto wake. Mke wangu alikuwa tayari mlangoni, anapiga kelele koridoni:

"Sista! Sista! Imetoka! Na mimi nipo hapa!"