Mnachoma Mbolea, Halafu Mnalia Mbolea Ghali

Usafi wa shehia yetu Jumamosi iliyopita uliishia kwenye moto. Majani ya mwembe, mshelisheli na mikarafuu yalizolewa yote kwa fagio la chelewa mpaka udongo ukabaki uchi, kisha kiberiti. Watu wakapiga picha. Mkubwa mmoja akatoa neno: "Sasa pamekuwa safi." Safi kweli! Watu haohao kila msimu wanalalamikia bei ya mbolea.

Inueni majani ya chini, yale meusi yaliyoshikana kwa nyuzi nyeupe za kuvu. Humo mna utitiri. Si ule wa kuku, tulizaneni. Huu hauna shida na damu ya mtu. Ni jamaa wa buibui, miguu minane, wengi hawafiki hata milimita moja. Wataalamu wanawaita oribatida, na wameshaeleza spishi zaidi ya 10,000 duniani. Kwenye misitu ya nchi za baridi, mita moja ya mraba huweza kuwa na zaidi ya 100,000.

Kazi yao ni kula. Wanatafuna jani lililokufa pamoja na kuvu iliyoota juu yake, wanalitoa likiwa vinyesi vidogo mno, na bakteria wanamalizia palipobaki. Mbegu za kuvu wanazihamisha kwa miili yao kutoka jani hili hadi lile. Mboji ndivyo inavyopatikana, bila ya mtu kutoa hata shilingi. Na wala hawazaliani kama nzi: mayai machache, makuzi ya polepole. Ukishawachoma, usitegemee wiki ijayo warudi wamejaa.

Msioamini, jaribuni. Mwaka 1905 Mtaliana Antonio Berlese alitengeneza faneli ya kuwatoa wadudu udongoni kwa joto. Tullgren wa Sweden akaja kuweka balbu mwaka 1918. Kwetu inatosha chupa ya maji iliyokatwa, shingo chini, kipande cha wavu, majani yenye unyevunyevu, na juu balbu ya zamani, ile inayounguza mkono. Wanakimbia joto na ukavu, wanadondokea kikombeni. Nilifanya kwa majani ya chini ya mkarafuu, huko Konde, Pemba, kikombeni nikaweka karatasi mbichi ili wasife. Kwenye lenzi wanang'aa kama pilipili manga iliyopakwa mafuta. Mmoja nilimgusa kwa ncha ya sindano: akakunja miguu yote ndani, akajifunika, akawa kidonge. Mtoto wa kaka akapiga kelele, "Ami, kajifungia mlango!"

Haya, mlangoni fagieni, tandu na nge hawana adabu. Na nakiri, shingo upande, kwamba baadhi ya utitiri hawa hubeba tegu, minyoo ya tumboni, wa mbuzi na ng'ombe. Mnyama akiwameza na nyasi, anaambukizwa. Lakini hiyo ni hoja ya kuangalia malisho, si ya kuchoma shamba la karafuu.

Wageni tunawapeleka msitu wa Jozani, Unguja, kwa kima punju na msitu wa Ngezi, Pemba, kwa popo wa Pemba. Sawa, lakini miti wanayoishi juu yake inakula nini?

Jumamosi ijayo majani yapelekwe kwenye mashina ya mikarafuu, si mbali. Toroli nitaleta mimi.