Itagaki Taisuke alikuwa mwanademokrasia kweli?

Aprili 1882, mjini Gifu, mtu mmoja alimvamia kwa kisu Itagaki Taisuke, mwanasiasa wa Japani aliyeongoza madai ya Bunge la kuchaguliwa, alipomaliza kuhutubia. Inasimuliwa kwamba Itagaki mwenyewe alisema yeye anaweza kufa, lakini uhuru haufi. Hata kama magazeti yaliyanogesha maneno hayo, ndiyo yaliyomjengea jina Japani nzima.

Wanaomtilia shaka wana hoja nzito. Samurai huyu wa jimbo la Tosa, aliyezaliwa 1837, hakuacha serikali mwaka 1873 kwa kutetea raia. Aliondoka kwa hasira, baada ya mpango wa kuivamia Korea kukataliwa. Januari 1874 yeye na wenzake wakawasilisha ombi la Bunge la kuchaguliwa, na walipobanwa, wakasema kura ianzie kwa samurai na matajiri wa mashambani na mijini. Halafu kuna safari ya Ulaya. Chama chake, Jiyuto, kilikuwa na mwaka mmoja tu, serikali inakiandama, naye akapanda meli kwa fedha zilizodaiwa kutoka kampuni ya Mitsui kwa mpango wa serikali hiyohiyo. Baba Tatsui, mmoja wa wasomi wa chama, alimpinga waziwazi, wakaachana.

Binafsi safari hiyo naweza kuisamehe. Kinachonikwaza ni Oktoba 1884: Jiyuto kilijivunja siku chache tu kabla ya wakulima wa Chichibu, waliolemewa na madeni, kushika silaha. Waliokiamini chama walibaki peke yao mbele ya jeshi.

Hata hivyo, ombi la 1874 lilikwenda mbali kuliko nia ya waliolitia saini. Vijijini watu waliunda vikundi, wakakusanya saini, wengine wakaandika rasimu zao za katiba. Mwaka 1881 serikali ililazimika kuahidi Bunge, likafunguliwa 1890. Ni kweli, waliopiga kura walikuwa kama asilimia 1 ya wananchi: wanaume wa miaka 25 na zaidi waliolipa kodi ya yen 15. Lakini Bunge hilo dogo liliweza kuizuia bajeti, na mawaziri wakajifunza kubembeleza. Mwaka 1898 Itagaki na Okuma Shigenobu, kiongozi wa chama kingine, waliunda serikali ya kwanza ya vyama, iliyodumu takriban miezi minne.

Kwa hiyo namhesabu miongoni mwa waanzilishi, ila si kwa usafi wa nia. Cheo cha kikabaila alichopewa mwaka 1887 alikikataa kwanza, kisha akakipokea. Alipofariki mwaka 1919, familia yake haikukirithi, kwa kuwa yeye mwenyewe alipinga vyeo vya kurithishana.