Unaenda Wapi na Pikipiki?

Hivi jamani, mtu mzima haruhusiwi kupanda pikipiki yake, kwa mafuta aliyonunua mwenyewe, akazunguka tu bila kuwa na shughuli yoyote? Mwenye gari akizunguka Jumapili jioni, watu wanasema anapunga upepo. Mimi nikiwasha Boxer yangu tu, mtaa mzima wa Tabata unataka kujua nani amefariki.

Mke wangu ndiye mkuu wa upelelezi. "Unaenda wapi?" Siendi popote. "Na nani?" Na nani tena, siti ya nyuma si hiyo iko wazi! Basi, kwa kuwa siendi popote, nipitie gesi, nimchukue mama mkwe, na nikirudi nisisahau mkaa. Jirani naye keshatoa kichwa dirishani: "Baba Asha, kama unapita Buguruni..." Nani kataja Buguruni? Buguruni haikuwemo kabisa kwenye raha yangu!

Ngoja niwaeleze. Jua likianza kupoa, vuka Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa 2022, kilometa moja na kidogo, juu ya bahari kabisa, ukitokea upande wa Aga Khan kwenda Coco Beach. Ukiwa kwenye daladala bahari unaiona kwapani mwa mtu. Kwenye pikipiki upepo wa chumvi unaingia mikononi mwa shati, mgongo unatuna kama tanga. Injini unaisikia mpaka magotini. Simu inatetemeka mfukoni na huna mkono wa kuipokelea, tena sheria iko upande wako. Bosi apige mpaka achoke.

Na kona! Nendeni Mombo mpande Lushoto, kilometa zipatazo 30 za kupindapinda, mwamba huku, bonde kule. Kona kali huikati kwa kuzungusha usukani. Unajilaza, pikipiki nayo inalala, macho unayatupa unakotaka kutokea, na chombo kinaelekea huko huko. Nyumbani kwangu sijawahi kuona kitu kinachoelekea ninakotazama mimi.

Juzi trafiki kanisimamisha Masaki.

"Unatoka wapi?"

"Tabata, afande."

"Unaenda wapi?"

"Tabata."

Akaizunguka pikipiki. Akainama kuchungulia chini ya siti.

"Sasa huku umefuata nini?"

"Upepo, afande."

Akataka leseni, ipo. Bima, ipo. Helmeti ndiyo hiyo kichwani. Nadhani kilichomuudhi zaidi ni hicho, kwamba kila kitu kipo na bado hajaelewa.

Nikaachiwa. Kufika taa za Morocco, nimesimama zangu, namba ya njano inaonekana kabisa kwamba chombo ni cha binafsi, nikasikia shokapu za nyuma zinadidimia. Kugeuka, mama mmoja kakaa na beseni lake mapajani.

"Mwenge. Na usikimbize."

"Shikamoo mama. Mimi si bodaboda, natembea tu."

Akanitazama kwa huruma. "Marahaba. Kazi ni kazi, mwanangu, usione haya."

Taa zikaruhusu, magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Ningefanyaje? Nikampeleka. Mwenge akashuka, akanitia buku mbili mkononi, akaomba namba yangu ya simu. Kesho alfajiri ana mzigo wa samaki Feri.