Kisu cha Ndafu

Sijawahi kwenda harusini na gauni la kununua, wala sikusudii kuanza. Kushona nilifundishwa na marehemu mama yangu huko Muheza, kwa cherehani ya Singer ya kuzungusha kwa mkono, na tangu hapo nimeshika imani chache zisizotikisika: kitenge hulowekwa na kuanikwa kabla ya kukatwa, kwa sababu pamba hurudi, maua ya kitambaa lazima yakutane kwenye mshono wa katikati kana kwamba mkasi haukupita, na upande wa ndani wa gauni unapaswa kuwa nadhifu kiasi cha kuweza kuvaliwa nje kwa dharura. Watu wa nyumbani kwangu husema nina maringo, na hawakosei.

Basi binti wa kaka yangu alipochumbiwa na kijana wa Kilimanjaro, na kamati ikaamua kwamba mashangazi wavae kijani, nilikwenda Kariakoo kutafuta satini na lesi nikiwa na nia moja tu, nayo ni kwamba wakwe waone kuwa bibi harusi ametoka kwa watu. Nilichora ramani ya gauni kwenye magazeti ya zamani, nikalipiga bandi lote kabla ya kulipeleka kwenye cherehani, nikatia bitana hadi chini. Lilikuwa gauni la kubana kuanzia mabegani hadi magotini, kisha linafunguka kwa marinda, na mgongoni lilikuwa na zipu ndefu ambayo niliifungua na kuifunga dukani mara nyingi hata muuzaji akaniuliza kama nilikuwa na mpango wa kuimaliza kabla ya kuilipia.

Zipu hiyo ilinitii hadi jioni ya sherehe. Kosta la ukoo lilikuwa tayari nje likipiga honi, wifi yangu akanifunga, na kichwa cha zipu kikapanda hadi shingoni bila ubishi wowote. Ila nyuma yake meno yakaanza kuachana kimyakimya, kuanzia kiunoni kwenda juu, mpaka mgongo wote ukawa wazi huku zipu yenyewe ikihesabika kuwa imefungwa. Kuifumua na kutia nyingine ni kazi ya subira, na honi haikuwa na subira.

“Wifi, simama wima wala usipumue,” akasema. “Nakushonea humo humo.”

Wifi yangu ni mwalimu wa shule ya msingi na hajui kufanya jambo nusunusu. Alichukua uzi uliokuwa karibu, ambao kwa bahati mbaya ulikuwa ule wa nailoni ninaoshonea mikoba, akanishona kuanzia kiunoni hadi shingoni kwa mishono midogo ya kurudia, akapiga fundo kila baada ya vidole vinne, na alipofika mwisho akaukata uzi kwa meno, kwa kuwa mkasi ulikuwa umefunikwa na mabaki ya satini. Nilijitazama kwenye kioo. Lazima niseme ukweli: mgongo ulikaa vizuri kuliko ulivyokaa na zipu.

Ukumbini tulipokewa kwa heshima zote, na joto la Dar es Salaam la mwezi wa Desemba likatupokea pia. Nilikunywa maji, nikanywa soda, kisha nikanywa sharubati ya ukwaju kwa kuwa ilikuwa ya baridi. Ukaja utambulisho wa ndugu, na kila anayewahi kukaa kwenye utambulisho wa koo mbili zenye watu wengi anajua kwamba hapo mtu huweza kuzeeka. Ulipofika kwa wajomba wa bwana harusi ndipo nilipogundua kuwa nahitaji kwenda msalani, na nilipofika msalani ndipo nilipogundua kuwa gauni langu, kwa ustadi wa mikono yangu mwenyewe, haliwezi kupandishwa juu ya magoti, na kwa ustadi wa wifi yangu haliwezi kushushwa.

Nikamwita. Alijaribu kwa kucha, akajaribu kwa meno yaleyale yaliyokata uzi nyumbani, lakini safari hii uzi ulikuwa umelala ndani ya satini na haukuumika. Tulipekua mikoba ya kila mwanamke aliyeingia. Tulipata rangi za midomo, pini, leso, chaja ya simu na rozari. Mkasi hakuna, wembe hakuna. Mama mmoja wa upande wa bwana harusi alishauri nisali. Wifi akanitazama usoni, akaona kwamba muda uliobaki si mrefu, akatoka mbio kuelekea jikoni.

Alirudi na kisu kirefu, kinachong’aa, chenye utepe mwekundu mpinini.

“Umekipata wapi?” nikauliza.

“Usiniulize, geuka.”

Kilikuwa kikali ajabu. Kilipita kwenye nailoni ya mikoba bila kelele, na mengine yaliyofuata ni siri yangu na mlango ule. Nilipokuwa ningali ndani nilisikia spika za ukumbini zikimwomba aliyechukua kisu cha ndafu akirudishe, kwa maana ndafu amekwisha kuingia. Kwa asiyefahamu, ndafu ni mbuzi mzima aliyeokwa, akaletwa mbele ya wageni akiwa na majani mabichi mdomoni, na katika harusi za Wachaga huyo ndiye keki yenyewe. Ile ya unga na sukari ni ya kufurahisha watoto. Sasa mbuzi alikuwa amesimama mbele ya wazee, maharusi wamesimama mbele ya mbuzi, na hakuna wa kumkata.

Wifi alinifunga khanga kifuani ili kuziba mgongo, akanikabidhi kisu kwa sababu yeye alikuwa akishika ncha za khanga kwa nyuma zisifunguke, tukatoka. Nia yetu ilikuwa kupita pembeni ya ukuta. Lakini mshereheshaji alituona mlangoni, mimi nimeinua kisu juu ili utepe usiburuzike wala ncha isimchome mtu, na wifi yangu akinifuata kwa karibu kama mpambe, akapaza sauti: “Kisu hicho kinaletwa na shangazi!” Muziki ukafunguliwa. Mama zangu wakubwa, ambao hawakujua lolote ila huwa hawaachi wimbo upite bure, wakainuka na vigelegele na kujipanga nyuma yetu. Mpiga picha akaanza kutembea kinyumenyume mbele yangu akiniashiria nitabasamu.

Nikatabasamu. Nikacheza pia, kwa hatua fupi, kwa kuwa gauni hilo halikuruhusu nyingine, tukauzunguka ukumbi mzima hadi kwa ndafu, nikapiga goti nusu na kumkabidhi bwana harusi kisu kwa mikono miwili. Mzee mmoja wa upande wao alifuta machozi.

Baadaye, wakati wa kula, mama mkwe wa binti yetu alikuja mezani kwetu akasema kwamba wamehudhuria harusi nyingi za watu wa Tanga lakini mila hiyo ya shangazi kuleta kisu hawakuwahi kuiona, na imewagusa sana. Wifi alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikajibu kwamba siku hizi koo nyingi zimeiacha.

Juzi tumepokea kadi ya harusi ya mdogo wake bwana harusi. Chini yake mama mkwe ameandika kwa mkono wake kwamba wanamtegemea shangazi kwa kisu, na kama haitakuwa usumbufu, aje na khanga ileile. Gauni jipya nimekwisha kulikata. Hili lina vifungo, tena vya mbele.